LPN ni Muuguzi wa Namna Gani?

Katika nyumba za kutunzia wazee za Minnesota, Massachusetts na Texas, ambako Waafrika Mashariki wengi hufanya kazi, vifupisho ndivyo vinavyotawala mazungumzo. Mtu ni CNA. Akirudi shule, anasomea LPN, ambayo Texas na California huiita LVN. Tukitaka kuyasema haya kwa Kiswahili, inatubidi tujue kwanza mpaka kati ya msaidizi na muuguzi uko wapi.

CNA huogesha, hulisha, humgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, hupima joto na presha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka afunzwe saa 75 angalau, na majimbo mengi yameongeza. Kiswahili kina jina lake sahihi: msaidizi wa muuguzi. Ukisema “muuguzi msaidizi”, umeshamfanya muuguzi, ila wa cheo cha chini. Inaniuma kuona majina haya mawili yakibadilishanwa ovyo, kwa sababu sheria haiyabadilishani.

LPN ameuvuka mpaka huo. Amesoma kwa mwaka mmoja hivi, darasani na wodini, kisha akafanya mtihani wa NCLEX-PN. Kompyuta humchagulia kila swali kwa kutazama alivyojibu yaliyotangulia; anayejibu vizuri huletewa gumu zaidi, kwa hiyo ugumu ukizidi asikate tamaa. Miaka mingi ya kuwa CNA haimsamehei mtihani huu. Akifaulu, bodi ya uuguzi ya jimbo humpa leseni, ndipo hukabidhiwa funguo za kabati la dawa. Hugawa vidonge, huchoma sindano, husafisha vidonda, huweka katheta. Akikosea dozi, leseni yake ndiyo iliyo hatarini. Juu yake yuko RN, muuguzi aliyesajiliwa, mwenye jukumu la kumtathmini mgonjwa kikamilifu na kupanga matunzo yake.

Tabu iko kwenye ile P, yaani “practical”. Tafsiri ya neno kwa neno hutupa “muuguzi wa vitendo”, na msomaji humwona mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo. “Muuguzi mtendaji” inapotosha zaidi, maana mtendaji tunamjua: ni wa kata, au ni mkurugenzi. Asili ya hilo neno “practical” ni wanawake waliouguza watu majumbani bila kupitia shule ya uuguzi. Leseni zilipokuja, jina lilibaki. Kinachomtambulisha LPN leo ni leseni na ngazi yake, kwa hiyo napendekeza tuseme muuguzi mwenye leseni wa ngazi ya kwanza. Ni refu, lakini halidanganyi.

Tanzania, anayemkaribia ni muuguzi wa ngazi ya cheti. Kukaribiana huko hakumpi leseni ya Marekani: lazima vyeti vyake vitathminiwe, kisha afanye mtihani uleule. Ndiyo maana wapo wauguzi kamili kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi ya CNA huku wakisubiri karatasi zao zipite.