Mwili wa Mwali: Nembo, Unyago na Taswira ya Mwili katika Uwanda wa Makonde

Katika uwanda wa Makonde, kuanzia Newala na Mkunya hadi kwenye ukingo unaotazama Masasi, namna watu walivyouona mwili ilijengwa kwanza na njaa na kiu. Katika karne ya 19 uwanda huo ulikuwa kimbilio la watu waliowakwepa watekaji wa watumwa pamoja na wavamizi wa Kingoni, walioishambulia misheni ya Masasi mwaka 1882, kwa kuwa vichaka vyake vizito havikupitika kwa urahisi. Lakini udongo wake wa kichanga haushiki maji, hivyo wanawake waliteremka mabondeni kuteka na kupanda tena na mitungi kichwani, hali iliyoanza kupungua pale mradi wa maji ya bomba ulipoanzishwa katika miaka ya 1950. Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, vilifuatiwa na njaa kali katika sehemu kubwa ya kusini. Kwa jamii zilizopitia hayo, kukonda kulikuwa dalili ya ugonjwa, ufukara au huzuni, na kumwambia mtu kwamba amenenepa kulikuwa kumpongeza.

Hata hivyo, unene wenyewe haukuwa kipimo kikuu cha uzuri. Uzuri wa Mmakonde ulitengenezwa na watu, mbele ya watu. Fundi alichanja nembo, yaani michoro ya makovu, usoni, kifuani, tumboni na mgongoni, akapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika ili mistari ijitokeze. Mwanamke alitogwa mdomo wa juu na kuvaa ndonya, kisahani cha mti kilichokuzwa kadiri tundu lilivyopanuka. Aliyebeba alama hizo alitambulika kuwa mtu wa kwao na mtu aliyestahimili maumivu. Hata vinyago vya ngoma vilifuata mtazamo huo: wachezaji wanaume walivaa kinyago cha kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, chenye tumbo lililojaa na nembo zilizochorwa juu yake, hivyo tumbo lililobeba mtoto likachezwa hadharani mbele ya kijiji kizima.

Malezi ya mtazamo huo yalifanyika katika unyago, mafunzo ya wasichana yanayosimamiwa na makungwi, wanawake wazima wenye ujuzi wa mila. Mwali, yaani msichana anayefundwa, aliwekwa ndani, akalishwa na kufundishwa usafi, hedhi, ndoa na heshima, kisha akatolewa nje akiwa amepakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya huku wanawake wakimwimbia. Jambo la thamani hapa ni kwamba msichana aliyebadilika umbo hakuachwa peke yake na mabadiliko hayo. Lakini si haki kuzipamba mila hizi kupita kiasi, kwa sababu kisu cha nembo kiliumiza, msichana hakuwa na nafasi ya kukataa, na baadhi ya mafunzo yalilenga kumridhisha mume kuliko kumlinda binti mwenyewe.

Wageni walikuja na macho mengine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwapeleka Masasi watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar na kuanzisha makazi ya misheni. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala akipiga picha na kurekodi nyimbo, na kwa kazi yake nembo na ndonya zikawa vitu vya kutazamwa na watu wa mbali. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu ilipoundwa mwaka 1926, alijaribu kuipa jando, yaani tohara na mafunzo ya wavulana, sura ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku, ingawa kwa unyago kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Kilichoiondoa nembo kwa nguvu kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni aibu: Wamakonde waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge na mijini walichekwa kwa nyuso zao, na wazazi wakaacha kuwachanja watoto.

Baada ya hapo vipimo vipya viliingia. Televisheni ya ITV ilianza mwaka 1994, mwaka uleule ambao mashindano ya Miss Tanzania yalirejeshwa, na kisha simu za mkononi zikafikisha picha za miili iliyochaguliwa hadi vijijini. Nguvu ya picha ilionekana katika utafiti uliofanywa Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki: televisheni ilipofika mwaka 1995 hakuna msichana aliyechunguzwa aliyeeleza kwamba hujitapisha ili apunguze uzito, lakini kufikia mwaka 1998 asilimia 11.3 walieleza hivyo. Msichana wa Tanzania anabanwa pande mbili, kwa kuwa anatakiwa awe na tumbo bapa na wakati huohuo makalio makubwa, na biashara ya dawa za kukuza makalio imeshamiri kwa sababu hiyo.

Matatizo ya ulaji yanayoweza kuchochewa na shinikizo hilo, yaani kujinyima chakula kupita kiasi au kula kwa pupa kisha kujitapisha, yanatibika, lakini kuuchukia mwili mara nyingi hudumu hata baada ya ulaji kutengemaa, na hilo huweza kumrudisha mgonjwa nyuma. Tiba humtaka ale milo kwa wakati, aache kujipima uzito na kujikagua kwenye kioo kila mara, na arudie taratibu mambo aliyoyakwepa, kama kuvaa nguo fulani au kucheza ngoma na wenzake. Hapo urithi wa zamani unaweza kuumiza: ndugu anayemwambia binti anayepona kwamba amenenepa, akidhani anamsifu, anaweza kumfanya aache kula tena. Tangu UKIMWI ulipojulikana katika miaka ya 1980 kama ugonjwa unaokondesha, familia hushtuka zinapoona mtu amekonda, lakini anayejitapisha bila kukonda hupita bila kutambuliwa.

Unyago ungali unafanyika Newala na Masasi, hasa wakati wa likizo za shule, na makungwi husikilizwa na wasichana kuliko mhudumu yeyote wa afya. Inafaa wafundishwe na wafundishe kwamba kujitapisha hupunguza potasiamu mwilini na kunaweza kuusimamisha moyo, na kwamba binti mwenye dalili hizo apelekwe hospitali, iwe Ndanda au Mkomaindo, pasipo kumkemea.