Mto Enziu na Watu Wake
Ukitoka Mwingi kwenda Nuu utaukuta mto Enziu. Miezi mingi ya mwaka huoni maji humo, ila mchanga mtupu. Lakini usiudharau. Wakamba wakaao ukingoni hufukua mchanga huo, wakateka maji yaliyojificha chini, wakanywa wao na mifugo yao.

Mvua za Novemba na Desemba zinyeshapo, mto ule ule hufurika kwa ghafula. Tarehe 4 Desemba, 2021, basi lililowachukua wanakwaya kwenda arusini lilijaribu kuuvuka, likazama. Wakafa watu zaidi ya 30.

Kwa hiyo kumbuka, ewe kijana: mto uwapao watu uhai ndio uwezao kuwaua. Ukiona maji yamefunika njia, ngoja yapungue.