Mwerezi wa Lebanoni: Mti wa Hekalu na Mti wa Shoka

Wasemaji wengi wa Kiswahili walilijua jina la mwerezi bila kuuona mti wenyewe, kwa kuwa neno hilo limewafikia hasa kupitia tafsiri za Biblia. Lina undugu na erez ya Kiebrania na arz ya Kiarabu. Katika Kiswahili limevikwa kiambishi cha ngeli ya miti, likawa mwerezi, na wingi wake mierezi. Nyuma ya jina hilo mna historia yenye fumbo: ilikuwaje mti ulioheshimiwa na dini nyingi kiasi hicho ukaribie kutoweka katika milima yake?

Jibu laanzia katika ubao. Mwerezi humea katika milima ya Lebanoni, Siria na Uturuki, mara nyingi penye mwinuko unaozidi mita 1,300. Hukua polepole, huweza kufikia urefu wa mita 40, na mbao zake zenye harufu nzuri zina mafuta yanayofukuza wadudu na kuchelewesha uozo. Wamisri, ambao nchi yao ilikosa miti mirefu ya kujengea, waliutafuta tangu kale. Jiwe la Palermo lataja merikebu 40 zilizoleta mbao enzi ya Farao Sneferu, karibu miaka 2600 kabla ya Kristo, na wataalamu wengi huzihesabu mbao hizo kuwa mierezi. Kando ya piramidi ya mwanawe, Khufu, jahazi la kifalme liligunduliwa mwaka 1954. Lina urefu wa zaidi ya mita 43, limeundwa hasa kwa mwerezi, na mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama ilivyokuwa baadaye kwa mitepe ya pwani ya Afrika Mashariki.

Sifa hizo za kazi ndizo zilizozaa sifa za roho. Ubao usiooza upesi ukawa mfano wa uhai udumuo; harufu yake ikawa alama ya usafi, na urefu wake alama ya ukuu. Zaburi humlinganisha mwenye haki na mwerezi wa Lebanoni. Kitabu cha Walawi chaamuru kipande cha mwerezi kitumike katika kumtakasa aliyepona ukoma. Hata manabii, walipotaka kukemea kiburi cha wafalme, walitumia mfano wa mwerezi mrefu uangushwao.

Ajabu ni kwamba utakatifu huo haukulizuia shoka, bali ulilialika. Katika utenzi wa Gilgamesh wa Mesopotamia, msitu wa mierezi ni makao ya miungu na unalindwa na Humbaba. Mashujaa wawili wanamwua mlinzi huyo, kisha wanaukata mti mrefu kuliko yote ili utengenezwe mlango wa hekalu la mungu Enlil. Kibao cha udongo kilichochapishwa mwaka 2014 chaonyesha mmoja wao, Enkidu, akisikitika kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa. Vivyo hivyo Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chasimulia kwamba Sulemani, ili kumjengea Mungu nyumba, alipatana na Hiramu mfalme wa Tiro, akapeleka Lebanoni watu 30,000 kwa zamu za 10,000 kila mwezi. Kadiri mti ulivyohesabiwa kuwa mtakatifu, ndivyo kila hekalu na kila jumba la mfalme lilivyoutaka.

Mwerezi ulianza kupata nafuu pale tu heshima ilipowekewa mpaka. Kaisari Hadrian (117–138) aliamuru maandishi yachongwe katika miamba ya Lebanoni, na zaidi ya 200 yamepatikana; yalitangaza kwamba aina nne za miti ni mali ya kaisari. Mwaka 1876 ukuta uliolipiwa na Malkia Victoria wa Uingereza ulizungushwa kwenye kichaka cha Bsharri, ili mbuzi wasile miche. Mwaka 1998 UNESCO ilikiandikisha kichaka hicho, kiitwacho Mierezi ya Mungu, pamoja na bonde la Qadisha, katika Urithi wa Dunia.

Tangu mwaka 1943 mwerezi umo katikati ya bendera ya Lebanoni, ilhali milimani umebaki katika vichaka vichache. Historia yake yafundisha kwamba sifa peke yake haiuhifadhi mti. Waliousifu zaidi ndio waliokuwa wateja wake wakubwa. Waliouokoa ni wale waliokubali kujinyima ubao wake.