Sumaku Mbili Kutoka Baa ya Bwiza

Wenzangu wengi katika mkusanyiko huu wameanza na hati: ripoti za Wabelgiji, magazeti ya zamani, hotuba za viongozi. Mimi naanza na makasha mawili ya mbao niliyoyanunua soko la Ruvumera, Buyenzi, kwa faranga 80,000, yakiwa yamejaa mavi ya mende na vumbi la miaka isiyohesabika. Hapa Bujumbura tunayaita bafle, neno tulilolichukua kwenye Kifaransa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanasema spika, nami nitasema spika ili tuelewane, ingawa fundi aliyenisaidia hakulitamka neno hilo hata mara moja.

Muuzaji aliponiona nikiyapapasa alisema, "Hizo ni za tangu uhuru, mwanangu. Zilipiga muziki Bwiza siku bendera ya Mbelgiji iliposhushwa." Sote tunajua kwamba muuzaji wa vitu vikuukuu akitaja uhuru, bei inapanda. Nililipa, nikatafuta mkokoteni, nikaondoka nikiwa na maneno yake kichwani. Bendera ilishushwa tarehe 1 Julai 1962. Je, kasha la mbao linaweza kuulizwa lilikuwa wapi siku hiyo?

Madai yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, Bwiza na Buyenzi zilikuwa mitaa iliyopimwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika, na Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya barazani na sokoni. Radio Usumbura ilianza kutangaza mwaka 1960. Mwaka uliofuata UPRONA ilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba, na tarehe 13 Oktoba Mwanamfalme Louis Rwagasore akauawa kwa risasi. Redio ilikuwa mali ya wachache, kwa hiyo spika moja ya baa ilihudumia masikio mengi: habari, matangazo ya vifo, na baadaye usiku, rumba ya African Jazz ya Grand Kallé kutoka Léopoldville. Huko Léopoldville kwenyewe desturi ya kusikiliza kwa pamoja ilikuwa ya zamani zaidi. Radio Congolia, iliyoanza mwaka 1939, ilisikika mitaani kwa vipaza sauti. Kwa hiyo baa ya Bwiza yenye spika mbili mwaka 1962 ni jambo linalowezekana kabisa. Lakini kuwezekana ni kitu kimoja, kutokea ni kingine.

Usiku ule nilifungua kasha la kulia. Skrubu za kasha la kushoto zilikuwa zimeliwa na kutu, nikaliacha. Kumbukeni uvivu huo, maana utanirudia.

Ndani ya kasha la kulia nilikuta sumaku nyeusi, pana na bapa, kama chapati mbili zilizobebana. Hiyo ni feriti, aina ya sumaku inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma iliyochomwa kama kigae. Ukingo unaoishikilia koni ya karatasi ulikuwa wa sponji, nao ulikuwa umeoza: nilipougusa ulibaki vidoleni kama masizi yenye gundi. Sponji ya namna hii huharibiwa na unyevu, na unyevu wa kando ya Tanganyika hauna huruma. Nilisoma, nikajua kwamba kingo za sponji zilienea katika spika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Basi hesabu ikawa rahisi. Spika hii haikuwepo mwaka 1962. Muuzaji ni mwongo.

Niliandika kurasa tatu kwa ajili ya semina yetu ya masimulizi, nikiwa nimejaa furaha ya kumkamata mtu. Nilimtaja hata Jan Vansina, Mbelgiji aliyekusanya masimulizi ya Burundi na ambaye kitabu chake kuhusu masimulizi kama chanzo cha historia kilitoka mwaka 1961, nikidai kwamba hapa kitu kimelishinda simulizi. Zile kurasa bado ninazo. Huwa nazisoma ninapojiona mjuaji.

Fundi niliyempelekea makasha ana kibanda chake Buyenzi, kati ya wachomeleaji vyuma na wauza vipuri vya magari. Ni mzee wa miaka zaidi ya 70, anayefanya kazi akiwa amevua viatu. Nilipomweleza ugunduzi wangu aliniuliza, "Na la kushoto, mjukuu wangu?" Nikajibu kwamba si ni pacha wake. Hakusema kitu. Alitia mafuta ya breki kwenye skrubu, akanywa chai, akarudi, akazifungua.

Spika ya kushoto haikufanana na ya kulia hata kidogo. Nyuma yake palikuwa na kitu kama kikombe cha chuma, na juu yake kipande cha karatasi kilichobaki nusu: jina la Philips, na chini yake neno Ticonal. Ukingo wake haukuwa wa sponji bali wa karatasi yenye mikunjo, na mikunjo yote ilikuwa mizima. Ile kuukuu ilikuwa na afya; ile changa ndiyo iliyooza. Kisha fundi akanirudisha kwenye kasha la kulia, akanionyesha nilichokuwa nimekitazama bila kukiona. Pembeni mwa tundu la spika mlikuwa na matundu manne madogo yaliyozibwa kwa njiti za kiberiti na gundi, na duara la mbao yenye rangi nyepesi mahali ambapo fremu nyingine, kubwa kidogo, ilikaa kwa muda mrefu. Spika ya kulia iliungua au iliibiwa, na mtu akaweka nyingine. "Alikuwa na haraka," fundi alisema, "lakini si mjinga. Ameweka alama nyekundu kwenye waya wa chanya."

Neno Ticonal linastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna safari ndefu. Ni jina la biashara la Philips lililoundwa kwa kuunganisha alama za metali: titani, kobalti, nikeli, alumini. Ni jamaa wa sumaku zinazoitwa alnico. Spika ya koili inayotembea, kama tunavyoijua, ilielezwa na Rice na Kellogg huko Marekani mwaka 1925, lakini spika nyingi za mwanzo zilihitaji umeme ili kuipa sumaku yake nguvu. Ni aloi hizi zenye kobalti zilizowezesha sumaku ndogo ya kudumu kuifanya kazi hiyo, na katika aina inayotumika sana kobalti hufikia karibu robo ya uzito wote.

Kobalti hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwa majirani zetu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani katika karne ya 20. Mali zake zikawa za serikali baada ya 1966, na kampuni iliyozirithi ikaja kuitwa Gécamines. Siwezi kuapa kwamba kipande kilichomo ndani ya spika yangu kilichimbwa Katanga. Sumaku haina cheti cha kuzaliwa. Ila ukiuliza kobalti ya viwanda vya Ulaya ya miaka ya 1950 ilitoka wapi, jibu la kwanza ni Kongo. Jiwe lilichimbwa upande ule wa ziwa, likaenda Ulaya, likarudi upande huu likiwa linaimba.

Mobutu alilibadilisha jina jimbo la Katanga likawa Shaba, neno letu la Kiswahili, na likabaki hivyo hadi 1997. Mwezi Mei 1978 wapiganaji wa FLNC waliokuwa na kambi Angola waliuteka mji wa Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakatua. Mamia ya watu waliuawa, wafanyakazi wa kigeni wakakimbia, na uchimbaji ukavurugika. Mwanzoni mwa mwaka ule ratili moja ya kobalti ilikuwa chini ya dola 10. Mwanzoni mwa 1979 bei rasmi ilifika dola 25, na katika soko huria ilipita dola 40. Watengenezaji wa spika waliokuwa wakijivunia alnico, kama JBL ya California, wakahamia kwenye feriti. Hadi leo wakusanyaji wa spika wa Ulaya, Marekani na Japani hulipa zaidi kwa zile za kabla ya badiliko hilo, na ninashuku wengi wao hawajui kwamba mpaka wanaoulipia ulichorwa na vita vya Kolwezi.

Hapo nilitaka kuandika kwamba spika yangu ya kulia ni mtoto wa vita hivyo. Ingekuwa insha nzuri. Lakini Philips wenyewe walikuwa na feriti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na spika za bei nafuu zilikuwa nayo muda mrefu kabla ya Kolwezi. Feriti peke yake haithibitishi mwaka. Kinachothibitisha kitu ni sponji, nayo inasema tu: si 1962. Na ile ya kushoto? Haiwezi kusema kwamba ilikuwa Bwiza siku ya uhuru. Inaweza kusema tu kwamba haikatai.

Kazi ya kufufua haikuwa na mambo makubwa. Tulipima koili kwa mita. Zote mbili zilikuwa nzima. Tuligusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya: koni ya kushoto iliruka mbele kwa mlio mdogo, ya kulia ilikwaruza. Fundi alikata ukingo mpya kutoka kitambaa chepesi cha mwavuli, akaupaka gundi ya mpira, akaweka vipande vya karatasi ngumu kuzunguka koili ili ikae katikati wakati gundi inakauka. Tulibadilisha kapasita moja. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza mende na kusugua mbao. Sumaku ya Ticonal alinikataza kuigonga na kuivua, maana aina hiyo ikipigwa au ikitolewa kwenye chuma chake hupoteza nguvu. Wimbo wa kwanza tulioupiga ulikatwa katikati na umeme, tukakaa gizani tukicheka.

Nilirudi Ruvumera kumwomba radhi muuzaji kwa jambo ambalo hakujua kwamba nimemtendea. Nilimuuliza nani alimwambia habari za Bwiza. Akanielekeza kwa mama mmoja, mitaa michache kutoka pale.

Mama yule alisikiliza, kisha akaniuliza nilizinunua kwa bei gani. Nilipomwambia alinyamaza kwa muda. Spika zilikuwa za rafiki wa marehemu mumewe, mwenye baa Bwiza. Mwezi Machi 1995, mauaji yalipoingia Bwiza na Buyenzi na maelfu ya watu wakakimbilia Zaire, yule bwana alizileta kwa mkokoteni jioni moja, akaomba zihifadhiwe kwa wiki moja. Akavuka na wanawe kwenda Uvira, mji ambao hauko hata kilomita 30 kutoka hapa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1996, vita vya AFDL viliikuta Uvira yenyewe, na habari zake zikakatika. Spika zilikaa stoo chini ya turubai zaidi ya robo karne. Mjukuu wa mama ndiye aliyeziuza kama takataka, bila kuuliza. "Ile ilikuwa amana," mama alisema.

Nilimuuliza kuhusu uhuru. Alisema yeye aliolewa baadaye, hakuwepo. Ila mwenye baa mwenyewe ndiye aliyependa kusema kwamba zilipiga siku ya bendera, na kwamba moja ilikufa "wakati wa Micombero" akaibadilisha. Micombero alitawala kuanzia 1966 hadi 1976. Sponji haipingi. Kwa hiyo simulizi nililolicheka sokoni lilikuwa limepita vinywa vinne, na lilichopoteza njiani ni spika ya pili tu.

Mwenye mkahawa mmoja mjini ameniahidi faranga 400,000. Kwa mwanafunzi hiyo ni kodi ya miezi kadhaa, na sitadanganya kwamba sikuifikiria. Lakini mama anasema mtoto mmoja wa yule bwana alisikika yuko hai Uvira, na dereva wa teksi wa njia ya Gatumba amechukua ujumbe wetu wenye namba ya simu. Mama ameanza kunirudishia pesa zangu kidogo kidogo. Nimezikataa mara mbili, mara ya tatu akakasirika, nikapokea faranga 5,000.

Spika ziko sebuleni kwake sasa. Ndani ya kasha la kulia nimeandika kwa penseli tarehe na vitu tulivyobadilisha, ili atakayefungua baada yangu asidhani kile kitambaa cha mwavuli ni cha kiwandani. Jibu la Uvira halijafika. Jumapili iliyopita nilikwenda kukaza skrubu za nyuma, maana ukipandisha sauti kasha la kulia bado linatetemeka.