Kadi Zilizomwagwa Baharini

Mwaka 1951, Sy Berger wa kampuni ya chingamu ya Topps, Brooklyn, alikaa kwenye meza ya jikoni kwake akabuni kadi za besiboli za msimu uliofuata. Mbele alipanga picha ya mchezaji kwa rangi, nembo ya timu na nakala ya sahihi. Nyuma, takwimu za uchezaji. Jumla zilikuwa kadi 407, zikiuzwa pamoja na chingamu kwa senti chache.

Zilitolewa kwa awamu. Awamu ya mwisho, iliyokuwa na kadi namba 311 ya Mickey Mantle wa New York Yankees, iliingia madukani msimu ukiwa ukingoni, hamu ya watoto imekwisha. Makasha yakalala ghalani. Berger mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari, likavutwa hadi nje ya pwani ya New Jersey, na kadi zote zikamwagwa baharini. Zilizokuwa mikononi mwa watoto nazo hazikupona: walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele, na walipokua, mama zao walifagia vyumba na kutupa zilizobaki.

Miaka ya 1980 watoto hao walishakuwa watu wazima wenye fedha, wakaanza kuzisaka. Bei zikapaa, na habari zikawafikia hata wasioujua mchezo. Kila mtu akataka kuweka akiba ya kadi. Mwaka 1981 kampuni za Fleer na Donruss zilivunja ukiritimba wa Topps; mwaka 1989 ikaja Upper Deck, kadi yake namba 1 ikiwa ya mchezaji kijana Ken Griffey Jr. Mitambo ilichapa bila kupumzika, na wanunuzi walizivika kadi mifuko ya plastiki au kuficha maboksi bila kuyafungua.

Mgomo wa wachezaji wa mwaka 1994 ulipofuta fainali za World Series, soko lilikuwa tayari linayumba kwa wingi wa bidhaa.

Agosti 2022, kadi moja ya Mantle ya 1952, yenye alama 9.5 kati ya 10 za ubora, ilinadiwa kwa dola milioni 12.6. Lakini maboksi mengi ya kadi za mwaka 1990 bado yamefungwa, na bei yake haijasogea sana. Aliyeyatunza hana cha kumzidi jirani yake, maana jirani naye alitunza.