Wakfu wa Wartburg: Karne ya Kuitunza Ngome ya Mlimani

Anayepanda kutoka mjini Eisenach, Ujerumani, huiona Wartburg kabla miguu haijachoka: kuta ndefu juu ya mwamba, mnara wenye msalaba, na punda wakiwapandisha watoto.

Simulizi zinasema mkabaila aitwaye Ludwig alikitamani kilima hiki mwaka 1067, ila hakikuwa chake. Akaagiza udongo wa shamba lake ubebwe hadi kileleni, kisha wapiganaji wake wakachomeka panga humo na kuapa kwamba wamesimama kwenye ardhi ya bwana wao. Kiapo cha kweli kabisa, ukitaka kubishana kisheria! Maandishi yanaitaja ngome kuanzia 1080.

Humo alilelewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Hungaria, aliyeletwa akiwa mtoto wa miaka minne na kutangazwa mtakatifu mwaka 1235.

Mei 1521 aliletwa mgeni mwingine kwa siri, amefuga ndevu na kujiita Jörg. Alikuwa Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa ambaye Kaisari alimharamisha mwezi huohuo. Kwa wiki 11 hivi alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kijerumani. Baadaye ikazuka hadithi kwamba alimrushia shetani kidau cha wino, na doa likabaki ukutani. Mahujaji wakaanza kuubandua ukuta, kila mmoja na kipande chake. Walinzi nao wakawa wanalipaka doa upya. Hata meza ya chumbani iliisha kwa kumegwa, ikabidi iletwe nyingine. Ngome hii imeumizwa zaidi na wapenzi wake kuliko na maadui.

Watawala wa Weimar, waliokuwa wamiliki wake, waliikarabati karne ya 19, na mnara ule wenye msalaba ni kazi ya wakati huo, si ya zama za kati. Wa mwisho wao alipoachia madaraka mwaka 1918, likabaki swali: mali hii ni ya nani? Jibu likawa wakfu, ulioundwa 1922.

Haukupata utulivu. Mwaka 1938 Wanazi waliuondoa msalaba mnarani wakaweka alama yao, lakini malalamiko yakawalazimu kuurudisha. Mwaka 1946 jeshi la Kisovieti lilichukua silaha na mavazi ya vita ya kale, mkusanyo wa vipande 800 hivi. Serikali ya Ujerumani Mashariki, isiyopenda dini, iliifanyia ngome ukarabati mkubwa kabla ya 1983, ilipotimia miaka 500 tangu Luther azaliwe. UNESCO iliiorodhesha mwaka 1999 kuwa urithi wa dunia.