Liwa ya Biharusi na Historia ya Msandali

Mimi nashona nguo za harusi hapa Bariadi, mkoani Simiyu. Tuko mbali na bahari, lakini hata huku mabiharusi wa Kiislamu huniulizia liwa kabla ya shela. Basi leo tujue inatoka wapi.

Liwa ni sandali. Kungwi husugua kipande cha mti kwenye jiwe kwa marashi mawaridi, au hukoroga unga wake, kisha humpaka biharusi ngozi ilainike na inukie. Pia hutiwa kwenye singo. Zamani majahazi ya kaskazi yaliileta pwani yetu kutoka India, ambako mti huo huchongwa visanduku na tasbihi, hufukizwa, na hutolewa mafuta ya manukato.

Harufu ya msandali imo kwenye moyo wa mti na mizizi, na moyo huo huchukua miaka mingi kukomaa. Ndiyo maana wavunaji hawaukati tu, huung'oa wote.

Mwaka 1792 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kule India, aliutangaza kuwa mti wa kifalme. Hata ukiota shambani kwako, si wako. Katika eneo hilo wenye mashamba walikuja kupewa haki ya miti yao mwaka 2001. Pamoja na ulinzi wote huo, sandali ya India ilipungua na bei ikapanda. Wafanyabiashara wakageukia msandali wa Afrika Mashariki, ndugu wa ule wa India.

Huu wetu una mti dume na mti jike. Wachimbaji huutafuta zaidi mti jike, wakiamini una mafuta mengi. Sasa mama akishang'olewa, mbegu zitatoka wapi? Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013 mataifa yakakubaliana, kupitia mkataba wa CITES, kwamba msandali wa nchi zetu, Tanzania ikiwemo, usivushwe mpaka bila kibali.

Kwa hiyo dada, ukinunua liwa muulize muuzaji imetoka wapi. Ukiweza, nunua kipande badala ya unga, maana unga ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine. Kipande kimoja husuguliwa kidogo kidogo, kikakaa miaka. Kitunze, na binti yako naye atakisugulia siku yake, inshaAllah.